Mtu Aliyeshauri Mara Moja

Nilitoka kwa dada yangu kule Himo kabla chai haijachemka. Nilikuwa na begi la mgongoni, koti, na simu yenye chaji nusu. Dada aliniuliza kutoka jikoni, "Unakwenda wapi?" Nikamwambia sijui. Hakushangaa. Tangu nilipoacha shule darasa la sita amekuwa akiniuliza swali hilo na kupata jibu hilohilo. Nilipofika stendi ya Moshi nikakuta basi la Dodoma limeshawasha injini na limebaki kiti kimoja, nikapanda. Ningekuta la Tanga, ningepanda la Tanga.

Nilikuwa namkimbia mzee mmoja wa Kirua ambaye jana yake alikuwa amenifukuza kwake. Nilimfahamu kwa zaidi ya miaka ishirini. Mpaka tunafika Babati nilikuwa bado nazozana naye kichwani.

Watu wa Kirua wanamwita Mshauri. Alikuwa mwanajeshi, na wakati wa vita vya Msumbiji alipelekwa huko kuwa mshauri wa kikosi cha wenyeji. Kazi yake ilikuwa kukaa na kamanda wao, kutazama ramani pamoja naye na kumwambia angefanya nini. Hakuwa na mamlaka juu ya askari hata mmoja. Aliporudi na kustaafu aliendelea na kazi hiyohiyo kijijini, bila mshahara. Angepita kwenye kahawa yako, akasimama mbele ya shina moja, akasema, "Ningekuwa mimi, tawi hili ningelitoa." Kisha huyo, anaondoka. Ukimkimbilia kumuuliza tawi lipi hasa, alikujibu, "Nimeshasema."

Hakurudia ushauri. Alikuwa akisema mtu akikushauri mara ya pili anakuamuru, anaona haya tu kukwambia. Binti yake, aliyekuwa akiishi naye baada ya mama kufariki, alichoshwa na tabia hiyo. "Baba, kama unajua ndizi hizi hazijaiva, si useme zisipikwe!" Naye alijibu, "Nilisema asubuhi." Wakala mtori mgumu, wote wawili wamenuna.

Kulikuwa na mambo mengi kwake yasiyolingana. Alikuwa mwoga wa bodaboda. Alitembea kwa miguu kutoka Kirua hadi barabara kuu, mwendo wa saa mbili, na vijana wa boda walimpigia honi wakimwambia, "Meku, mzee wetu, panda, hata bure!" naye akishika ukingo wa barabara kana kwamba wanataka kumgonga. Kanisani alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, na siku wastaafu wa jeshi walipoombwa wasimame wapigiwe makofi, alikuwa ameshatoka. Na hakuwahi kuchinja. Kwetu mwanamume mwenye nyumba hushika kisu mwenyewe, na kila sehemu ya mbuzi ina mwenyewe: kuna ya mjomba, kuna ya wakwe, kuna ya mkubwa wa ukoo. Yeye alijua kugawa kuliko wote, lakini kisu alimpa jirani. Jirani huyo hakuchoka kumtania. "Huyu alipigana vita na nani, na kuku?"

"Na kuku pia walinishinda," alisema Mshauri.

Nilianza kumpenda siku ya ugomvi wa mfongo. Mfongo ni ule mfereji unaoleta maji mashambani kutoka juu mlimani, na kila nyumba ina zamu yake. Familia moja ilikuwa imefungulia maji siku ya wenzao. Watu wanane hivi walikuwa wamesimama mferejini na mapanga, wanne huku, wanne kule, wanatukanana kwa Kichagga matusi ambayo siwezi kuyaandika. Mshauri alishuka kutoka kwake polepole, akaingia katikati yao, maji yakimfika kwenye vifundo vya miguu. Akasimama mbele ya wa kwanza.

"Wewe unaitwa nani?"

"Mzee, si unanijua! Umemsimamia mtoto wangu ubatizo!"

"Nimekuuliza jina."

Yule akataja jina lake. Mzee akamgusa bega, akaenda kwa wa pili. "Na wewe?" Akapita kwa wote wanane hivyohivyo, bila haraka, mgongo wake umeelekea mapanga ya wengine. Alipofika kwa wa sita, mmoja alishindwa kujizuia akacheka, na mwingine akamwambia mwenzake, "Basi fungeni, tutaongea kesho." Mzee akapanda kwake kubadilisha suruali.

Mimi ni mtu wa kuuliza. Nimeulizia watu jinsi wanavyochoma mkaa, wanavyofunga injini ya lori, Wasukuma wanavyozika. Kwa hiyo nilimuuliza alijifunzia wapi jambo lile. Hakunijibu. Aliyenijibu ni mzee wa Tarakea aliyewahi kuwa dereva wake huko Msumbiji, ambaye alikuja kumtembelea mara moja kwa mwaka. Tulikaa uani na kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, ikizunguka, na Mshauri akiwa ameingia ndani kutafuta kiti, dereva akanisimulia.

Walikuwa njiani na kikosi cha wenyeji, magari matatu, wakashambuliwa na waasi kwenye daraja dogo. Kamanda wa wenyeji alianguka mwanzoni kabisa. Askari wake walikuwa vijana, wakaanza kurudi nyuma kila mtu kivyake. Mshauri alikuwa na maagizo: mambo yakiharibika, achukue redio na dereva, waondoke. Dereva aliwasha gari, akamwita. Badala ya kupanda, Mshauri alitembea, wima, kando ya mstari wa wale vijana waliolala chini, na kwa kila mmoja aliinama akamuuliza jina.

"Risasi zinapita hapa," dereva alisema, akionyesha sikio lake, "na huyu anauliza majina kama karani wa sensa! Mimi kwenye gari nalia. Nalia kabisa, usicheke. Lakini wale watoto walibaki. Mtu ukishamtajia mwenzako jina lako, unamkimbiaje? Walishika lile daraja mpaka jua linatua."

Mshauri alikuwa amerudi na kiti, amesimama nyuma yetu.

"Mwambie yote," alisema.

"Nimemwambia yote."

"Hujamwambia kwa nini niliuliza." Akakaa. "Nilikaa nao miezi minne. Nilikula chakula chao. Kamanda alipokufa nikataka kumwita mtu, nikaona simjui hata mmoja jina. Niliwaita 'nyinyi'. Niliuliza kwa aibu tu. Huyu kila mwaka anakuja kuiita ushujaa."

"Basi ulikuwa na aibu kubwa sana," dereva akasema, "maana mimi na yangu nilibaki ndani ya gari." Tukacheka wote, na kata ikaendelea.

Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye jina lake alilijua tangu mwanzo. Aliitwa Anselmo, mkalimani, kijana wa miaka ishirini hivi aliyekulia upande wetu wa mto Ruvuma wakati wa ukimbizi, akijua Kiswahili vizuri. Habari zake nilizipata kwa mzee mwenyewe, siku nyingine, tukipogoa kahawa, bila mimi kuuliza.

Pale darajani redio ilikuwa imepigwa risasi. Ilibidi mtu aende kwa miguu kuita msaada kambini. Kulikuwa na njia mbili: kufuata barabara, au kukata kwenye mikorosho. Mshauri alimwambia Anselmo apite kwenye mikorosho. Anselmo akamuuliza, "Hiyo ni amri, afande?"

"Nikamwambia si amri, ni ushauri," mzee alisema. "Ningeweza kumwamuru. Nani angenikatalia saa ile? Lakini nilitaka niwe msafi. Nilitaka akifa, awe amechagua mwenyewe." Akakata tawi ambalo halikustahili kukatwa. "Baadaye mikorosho ile ililia risasi muda mrefu. Msaada ulikuja, lakini ulitoka upande mwingine kabisa, hawakuwa na habari zake. Wiki ile ile nikarudishwa nyumbani. Sijui kama alifika. Sijui."

Aliwahi kuandika barua, hazikujibiwa. Aliwahi kuuliza wakubwa wake, wakamwambia jeshi lile si letu, orodha hatuna. Kwa hiyo kila Desemba, watu wa Kirua wanapopanda mlimani kutoka Dar na Arusha na mbuzi wanachinjwa, yeye akishamaliza kugawa sehemu za ndugu, alitenga kipande cha shingo na kusema ni cha mtu wake wa kusini. Kisha akampa mgeni aliyetoka mbali kuliko wote. Miaka mingi mgeni huyo nilikuwa mimi.

Ndipo nilipoanza kwenda Tunduru kwenye msimu wa korosho. Aliposikia, alinisindikiza mpaka kwenye mteremko, jambo ambalo hakumfanyia mtu mwingine. Akanitajia kijiji cha Anselmo, ng'ambo ya mto. "Wewe unatembea. Ukifika karibu, niulizie." Baada ya hatua chache akasema tena, "Niulizie." Mara mbili. Sikuutambua uzito wake siku ile.

Tunduru nilibeba magunia miezi mitatu. Siku moja tulivuka mpaka na wenzangu, kutembea tu. Nilikaa kwenye soko lao siku nzima. Niliuliza wanavyokausha tumbaku, wanavyopika ugali wa muhogo, kwa nini pikipiki zao hazina vibao vya namba. Kijiji alichonitajia kilikuwa mwendo wa nusu siku kwa pikipiki. Sikukiulizia. Nilijiambia vita ni vya zamani, watu wamehama, nitamtafutia wapi mtu mwenye jina moja. Ukweli ni kwamba niliogopa kupata kaburi, kisha niwe mimi wa kulibeba mpaka Kirua.

Desemba nikarudi. Uani kwake kulikuwa na watu wengi, nyama iko kwenye majani ya mgomba, yeye anagawa. Akaniona nikiingia. Hakungoja hata shikamoo.

"Ulifika?"

Watu wakageuka kututazama, kwa sababu wote walijua habari za kile kipande cha shingo. Dereva wa Tarakea alikuwepo. Binti yake alikuwepo, ameshika sinia.

"Nilifika, mzee."

"Enhe?"

"Yupo. Mzima. Ana wajukuu. Anakusalimu."

Ilitoka hivyo tu, kwa urahisi kuliko ukweli wowote niliowahi kuusema. Mzee aliweka nyama chini, akajifuta mikono kwenye majani, muda mrefu, kila kidole. Kisha akamwendea jirani yake, akamnyang'anya kisu. Mbuzi wa pili alichinja yeye. Alichinja vibaya, jirani akamcheka, "Angalia, atajikata mwenyewe!" na watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na begi begani.

Baada ya siku ile alibadilika. Alianza kukaa mabenchi ya katikati kanisani. Binti yake aliniambia amesikia baba yake akiimba bafuni, jambo ambalo hajawahi kulisikia tangu azaliwe. Ningewezaje kumwambia? Msimu uliofuata alinipa mfuko wa kahawa aliyoikaanga mwenyewe na blanketi jipya. "Mpelekee. Mwambie kahawa asiijaze maji." Kahawa ile tuliinywa Tunduru mimi na wabeba magunia wenzangu. Blanketi nililalia. Niliporudi aliniuliza kama Anselmo aliipenda kahawa, nikasema aliipenda sana, na nikaongeza mengine ili anogewe: nyumba ya bati, mke mcheshi, mtoto mwalimu. Kila nilichoongeza alikishika kama kilivyo.

Msimu wa tatu sikwenda. Nilikaa Moshi nikishusha mizigo sokoni na nikapunguza kupanda Kirua. Mpaka wiki iliyopita, binti yake aliponipigia simu.

"Kaka, njoo uongee na baba. Amepata pasipoti."

"Pasipoti ya nini?"

"Anataka kwenda kumwona Anselmo. Na nyonga ile inayomsumbua! Amenunua na viatu. Anasema utampeleka wewe, njia unaijua."

Nikapanda. Nilimkuta ukumbini, amevaa viatu vipya ili vimzoee. Pasipoti ilikuwa mezani, juu ya kitambaa. Nilimwamkia, akaitikia, akaanza kuniuliza kama huko ni baridi mwezi huu. Nikamwambia, "Mzee, sikufika."

"Wapi?"

"Kwa Anselmo. Sijawahi kufika. Sikumwona. Sikumuulizia mtu yeyote."

Nilidhani atapiga kelele. Alinitazama jinsi anavyotazama shina la kahawa.

"Kwa hiyo hujui kama yu hai."

"Sijui."

"Na mimi sijui."

"Hujui, mzee. Nisamehe."

"Karibu miaka mitatu," alisema, "nimekuwa mtu ambaye hakumuua yule kijana. Nimezoea. Sasa unataka nirudi nilikokuwa, na nguvu sina." Akainama kufungua kamba za viatu, nyonga ikamzuia. Nikapiga magoti nimsaidie. Akaondoa mguu. "Usiniguse. Toka."

Binti yake alikuwa mlangoni na vikombe vya chai. Alinipisha nipite. Hiyo ndiyo siku iliyotangulia asubuhi ile niliyopanda basi la Dodoma.

Dodoma niligundua kwamba nilikuwa nimeshaulizia basi la Iringa kabla sijawaza. Iringa nikaulizia la Njombe, Njombe nikaulizia la Songea. Sikuwa nimeamua kitu. Kila stendi nilijiambia nitashuka hapa nitafute kibarua, na kila stendi nilikata tiketi ya kuelekea kusini. Kutoka Songea nilipanda gari la mizigo hadi mpakani, nikavuka daraja, na upande wa pili nikapata kijana wa pikipiki. Nikamtajia kijiji. "Nakijua," alisema, kwa Kiswahili safi. "Panda."

Tulifika jua likiwa bado juu ya miti. Kijiji kina barabara moja, kanisa, kisima cha pampu, na nyumba moja yenye vyumba vitatu vya wageni ambayo ni ya mama mmoja mnene, mwenye kitenge kichwani. Alinionyesha chumba: kitanda, chandarua, ndoo ya maji. Nikasema kinatosha. Alinipa ufunguo, na nikiwa nimeshika ufunguo huo nikamuuliza kama aliwahi kumsikia mtu anaitwa Anselmo, aliyekuwa mkalimani wa wanajeshi wa Tanzania.

"Anselmo wa mguu?" alisema. "Si alikuwa jirani yangu! Nyumba yake ile pale, ya makuti. Tumemzika mwaka juzi, korosho zikianza kuanguka."

Swali moja tu. Sikuhitaji hata kutua begi.

Mwaka juzi, korosho zikianza kuanguka, nilikuwa Tunduru na mfuko wa kahawa wa Mshauri.

Nilikaa kitandani. Mama akadhani ninaumwa, akaniletea maji. Nikamuuliza kama kuna mahali mtandao wa Tanzania unashika, akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye kichuguu ambacho watu wamekichonga ngazi kwa ajili hiyo. Nikapiga. Binti yake akapokea, akasema baba hataki kuongea na mimi. Nikamwambia mwambie nipo kijijini kwa Anselmo. Nikasikia mkwaruzo wa kiti, kisha pumzi yake.

"Mzee, hakufa. Siku ile ya daraja alipona. Ameishi, amezeeka hapahapa. Amefariki mwaka juzi."

Nikamsikia akikaa.

"Ulisema yu hai, nikaamini," alisema. "Leo unasema amekufa. Nitajuaje?"

Nilimpa mama simu. "Tafadhali, mwambie wewe."

Aliishika kwa mikono miwili. "Shikamoo, baba. Ndiyo, hapa ni jirani yake... Hapana, mke alitangulia. Watoto wanne... Mguu? Alipigwa risasi siku hiyo hiyo, kwenye mikorosho, akajificha siku mbili. Ee." Akasikiliza. Akacheka kidogo. "Ndiwe wewe? Kumbe ndiwe! Baba, alikutaja sana. Alikuwa akisema, yule Mtanzania wangu akija, nitampitisha palepale aliponipitisha, aone miiba ilivyo. Alisafisha na njia. Kila mgeni wa Tanzania akipita alimuuliza kama anakujua... Hapana, hakukasirika. Alikuwa anakusubiri tu."

Akasikiliza tena, muda mrefu, akitikisa kichwa ingawa aliyekuwa upande wa pili hamwoni. Kisha akanirudishia simu. "Anakutaka."

"Mzee."

"Mwaka ule uliponiambia yupo," alisema, "alikuwepo."

"Ndiyo, mzee."

"Na kahawa yangu iliishia upande wetu wa mto."

"Ndiyo."

Nikasikia binti yake akimuuliza kitu.

"Kesho nenda kaburini," alisema. "Kaa hapo kwa muda. Usimwambie kitu, na usiniletee salamu." Simu ikakatika. Sikujua kama ni yeye aliyekata au mtandao.

Mama alikuwa akinisubiri chini ya kichuguu, kuniuliza kama nitalala siku moja au zaidi.